Jiwe Jeusi Mbele ya Foleni

Mama yangu huwaambia majirani zake wa Kashojwa, kijiji cha kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kwamba kazi yangu mjini Mbarara ni kupeleka barua. Mtu akimwuliza mbona sina baiskeli, anajibu kwamba wakubwa wangu bado wanaitafuta. Nimejaribu kumweleza ninachofanya na nimeshindwa, kwa hiyo siku hizi mzee mmoja wa kanisani akiniuliza kama sijamletea barua yake kutoka Uvira, kwetu Kongo, namwambia bado haijafika. Anaitikia kwa kichwa, anaona nafanya kazi vizuri.

Kusema kweli Mama hajakosea sana. Ofisi yetu iko Nyamityobora, juu ya duka la magodoro, na kazi yangu ni kusimika seva za ujumbe na kuziangalia zisilale. Hospitali moja ya macho pale mjini ni mteja wetu. Ina mfumo mmoja wa kuandikisha wagonjwa, mwingine wa kupanga upasuaji, mwingine wa dawa, na kila mmoja ulinunuliwa kwa mtu wake, kwa wakati wake. Mifumo hiyo haielewani. Ni kama wakwe waliogombana kwenye harusi, kila mmoja anasema, mwambie yule. Seva yangu inakaa katikati yao. Inapokea ujumbe wa huyu, inaupanga kwenye foleni, inamkabidhi yule anapokuwa tayari, na haiuachii mpaka aliyepewa aseme amepata.

Nilipokuwa naisimika, nilifika mahali pa kuamua ujumbe uliokataliwa ufanyweje. Watu wenye busara huiagiza seva ijaribu mara chache, kisha iuweke ujumbe huo pembeni na kuendelea na mwingine. Mimi niliiagiza ijaribu mpaka ukubaliwe, hata kama ni milele. Aliyekulia Nakivale atanielewa. Unasimama juani tangu asubuhi kungoja mgao wa chakula, unafika dirishani, mtu anatazama kompyuta yake na kukuambia jina lako halionekani. Unarudi nyumbani na mfuko mtupu. Nilikuwa nimejiapia kwamba kwenye seva yangu hakuna jina litakalopotea. Mwenzangu wa ofisini, Mnyankore mpole anayependa mambo yaishe kabla ya chai, aliniambia hiyo haitatufikisha mbali. Nilimwona hana huruma.

Wakati huo macho ya Mama yalikuwa yameshazibwa na mtoto wa jicho, yote mawili. Alikuwa anaona mwanga wa mlango na kivuli cha anayepita, basi. Binti yangu alizaliwa Mbarara baada ya macho hayo kufunga, na Mama hakuwahi kuiona sura yake. Alimjua kwa vidole. Kila tulipofika, alimshika uso wote, akafika puani, akasikitika kwamba mtoto amechukua pua yangu. Alichotaka ni kitu kimoja tu, kumwona mjukuu wake kabla hajawa mtu mzima, na alikuwa akikisema waziwazi katika maombi ya Jumapili ili Mungu na mimi tusikie kwa pamoja.

Madaktari wa macho wanaotoka mbali hufika katika hospitali ile kwa nadra. Wanapasua kwa siku chache, wanaondoka. Safari hiyo hospitali iliamua watu wa kambini waombe nafasi wakiwa hukohuko, kupitia simu ya mhudumu wa afya wa kijiji. Ombi linaingia kwenye seva yangu, linasimama kwenye foleni, na mfumo wa upasuaji unayachukua maombi moja baada ya jingine.

Nilitumwa Kashojwa kuonyesha jinsi ya kutumia simu hiyo. Nilifika siku ya ibada, watu walipokuwa wanatoka, na akina mama wakanizunguka uwanjani. Nikajisifu kidogo. Niliwaambia foleni hii haina kusukumana wala kujuana, aliyetangulia ametangulia. Niliwaambia pia kwamba ombi linaweza kutumwa hata kama halijajazwa lote, kwa sababu mtandao wa Kashojwa unakuja na kuondoka utakavyo. Mama, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la kwaya lililotolewa nje, akauliza kama fasi ya mtu, yaani mahali pake, inabaki palepale. Nilifurahi kwamba siku hiyo amependezwa na kazi yangu. Nikamwambia inabaki, Mama, seva inailinda kuliko askari.

Hapo ndipo nilipojiponza. Kwetu foleni haisimamiwi na miguu. Watu wana mashamba, wana watoto, wana chungu jikoni, hawawezi kushinda wamesimama mbele ya bomba la maji au stoo ya chakula. Kwa hiyo unaweka kitu chako: jiwe, kandambili moja, kifuniko cha kidumu. Kitu hicho kinakusimamia mpaka urudi. Kila mtu anajua kitu cha mwenzake, na hakuna anayekigusa, ila kwa sharti moja. Foleni ikikifikia na mwenyewe hayupo, kinawekwa pembeni na wengine wanapita. Mama ndiye aliyekuwa mkali kupita wote katika sharti hilo. Enzi za macho yake alikuwa anayapiga teke mawe ya watu wasiokuwepo, bila kuangalia ni ya shemasi au ya mke wa shemasi.

Madaktari walipokaribia kufika, hospitali ilipiga simu kuuliza mbona hakuna ombi hata moja linaloingia. Mwenzangu alifungua seva, akasema tumevamiwa na wezi wa mtandao. Nikasogea kuangalia. Ujumbe wa kwanza kwenye foleni, mahali pa jina la mgonjwa, ulikuwa umeandikwa: Jiwe nyeusi. Umri hakuna. Jicho gani hakuna. Nyuma yake alikuwepo Kandambili ya bulu, akifuatiwa na Kifuniko ya bidon, kisha Tofali nusu.

Nililitambua lile jiwe. Hukaa karibu na mlango wa jiko la Mama, ni jeusi na limekatika upande mmoja, na limesimama kwenye foleni nyingi kuliko mimi. Akina mama wa kwaya walikuwa wamemwendea mhudumu wa afya wakiwa pamoja, wakamwomba awawekee nafasi kwanza, maelezo watayaleta wakipata muda. Naye ni mtu wa palepale. Aliona ni ombi la kawaida kabisa.

Mfumo wa upasuaji haukuona hivyo. Ulipokea Jiwe nyeusi, ukauliza umri, haukuona, ukakataa. Seva yangu, mtiifu kama nilivyoilea, ikalirudisha jiwe mbele ya foleni na kulipeleka tena. Likakataliwa tena. Ilikuwa hivyo tangu juzi yake, mara maelfu kwa maelfu, huku nyuma yake wamekwama wagonjwa wa kweli wa Nakivale na wa vijiji jirani vya Isingiro, wenye umri na macho yaliyotajwa vizuri.

Mkubwa wetu alisema tufute foleni yote tuanze upya. Nilikataa, maana watu wale wangeambiwa tena kwamba majina yao hayaonekani. Nikafanya nilichotakiwa kufanya tangu mwanzo. Nikaiagiza seva ijaribu kidogo, na ujumbe usiokubalika iuweke kwenye foleni ya pembeni. Jiwe likatoka, kandambili ikatoka, na wagonjwa wakaanza kupita mmoja mmoja. Mwenzangu hakunisema. Alikwenda kuchemsha chai, na namna alivyokoroga sukari ilitosha.

Nikabaki na ile foleni ya pembeni mbele yangu. Nilikuwa na uwezo wa kuufungua ujumbe wa kwanza, kufuta Jiwe nyeusi, kuandika jina la Mama, umri wake, macho yote mawili, na kuurudisha mbele ya watu wote. Ingekuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Nilitaka sana kuifanya, sitadanganya. Nikampigia Mama kwanza, nadhani nilitaka anipe ruhusa.

"Mama, jiwe yako imefunga foleni yote," nikamwambia.

"Basi inatumika vizuri," akasema. Alikuwa ameridhika kabisa.

Nikamweleza kwamba foleni hii ni tofauti, kwamba watu walikuwa wamekwama nyuma yake, na kwamba sasa jiwe limetolewa ili wapite. Mama huniita papa, kama wanawake wa kwetu wanavyowaita watoto wao wa kiume, lakini hapo hakuniita papa.

"Nani aliitosha kwa foleni?"

"Ni mie, Mama."

Nilisikia kuku wake, na mtu akitwanga kwa mbali. Nikasema haraka, "Naweza kuirudisha kwa mbele. Miaka yako najua, macho yako najua. Hakuna mutu atajua."

Akauliza kama jirani yetu, mama yule anayeuza mandazi, ametuma ombi lake. Nikamwambia ametuma, na amejaza yote.

"Na wakati foleni ilifika kwa jiwe yangu, mie nilikuwa fasi gani?"

Nikaangalia kwenye skrini saa ambayo jiwe lilifikiwa.

"Nilikuwa kwa nyumba, nimelala," akasema. "Mie nilipiga teke majiwe ya batu mingi, papa. Yangu utairudisha juu ya nini? Acha ikae pembeni."

Jioni hiyohiyo mhudumu wa afya alituma ombi la Mama upya, safari hii likiwa na jina, umri na macho. Seva ikalipokea kwa adabu na kuliweka nyuma ya wote.

Madaktari walifika wakafanya kazi kwa bidii. Nilikuwa naangalia foleni kwenye skrini kila nilipopata nafasi, nikiona inapungua, nikihesabu waliobaki mbele ya Mama kama mtu anayeangalia mpira na timu yake imefungwa. Mama wa mandazi alipasuliwa siku ya mwisho. Baada yake walipita wengine wachache, kisha muuguzi akapiga simu kusema madaktari wanafunga vifaa, waliobaki watasubiri ujio mwingine. Mama alikuwa miongoni mwa waliobaki. Nilitoka nikashuka ngazi mpaka dukani kwa magodoro, na mwenye duka akaniuliza nataka la inchi ngapi.

Kashojwa mama wa mandazi alikuwa hakamatiki. Mara bandeji ilipotoka, alizunguka nyumba kwa nyumba akiwaeleza watu walivyo. Alimwambia mchungaji koti lake lina viraka vya rangi mbili. Alimwambia Mama kwamba masufuria yake yana masizi ya mwaka mzima. Nilipofika Jumapili iliyofuata alinishika mabega, akaniangalia vizuri, akamtangazia Mama kwamba nimeota upara. Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akawaambia waliokuwepo kwamba ni mimi niliyemtoa kwenye foleni kwa mikono yangu mwenyewe, na wote wakacheka, naye akacheka nao. Aliisema kama sifa. Iliniuma sana.

Siku hiyo nilikuwa nimekuja na binti yangu. Tulikuwa tumemwahidi tangu mapema kwamba koko wake, ndivyo tunavyowaita bibi zetu, atapona macho na kumwona, na hakuna kati yetu aliyepata moyo wa kumwambia imeshindikana. Alikuwa amechagua gauni mwenyewe tangu jana yake. Alisubiri wageni watoke, akaenda kusimama mbele ya kiti cha Mama, mikono ameitandaza.

"Koko, unaniona?"

Mama akageukia ile sauti. "Nakuona. Uko mzuri sana."

"Gauni yangu ni rangi gani?"

 Mama akanyoosha mkono, akalishika gauni, akakipitisha kitambaa katikati ya vidole polepole, kama kuna njia ya kuipata rangi humo. Kisha akauelekeza uso wake mahali aliponisikia nikipumua.

"Mwambie, papa," akasema. "Wewe ndo unaona."

Nikasema ni ya manjano.

"Ya manjano," Mama akamwambia mtoto, kwa sauti ya mtu aliyeona mwenyewe. Binti yangu aliridhika, akakimbilia nje kwa wenzake. Mimi nilibaki nimesimama pale, nikijua kwamba nilifanya haki na kwamba ningeweza kutoifanya, na nilimwonea Mama uchungu ambao mpaka leo haujanitoka.