Ekskaveta ya Taru na Mkataba Ambao Sikuusoma

Nakumbuka siku moja kule Taru, mwanangu, na kila nikiikumbuka mwili hunisisimka. Nilikuwa bado kijana, mjane wa Kinondo, nimeshika kazi ya kuchimba mitaro na malambo aliyoiacha marehemu mume wangu.

Benki zilikuwa zimenikataa, kwa kuwa shamba letu halikuwa na hatimiliki. Ndipo nikasikia kwamba watengenezaji wa ekskaveta, zile mashine kubwa za kuchimbia udongo, wana kampuni yao wenyewe ya kukopesha. Hao hawakuuliza habari za shamba. Dhamana ilikuwa ekskaveta yenyewe: nitailipia kodi kila mwezi kwa miaka minne, kisha iwe yangu. Karatasi zilikuwa nyingi. Nikatia sahihi kila palipoonyeshwa kwa kidole, nikarudi nyumbani nikimshukuru Mungu.

Ikateremshwa kutoka kwenye lori pale nyumbani. Mkono wake ulipita paa la nyumba yangu kwa urefu. Nikaugusa mnyororo wake wa kutembelea kwa kiganja, kama mtu anayegusa mnyama asiyemjua.

Kazi yetu kubwa ya kwanza ilikuwa kuchimba lambo la maji kule Taru. Mvua ilikuwa karibu, na wafugaji walikuja kila asubuhi kututazama. Siku ya tisa ikawaka taa nyekundu ya tahadhari mbele ya kiti cha dereva. Dereva wangu, Mzee Salimu, mtu mzima kuliko baba yangu, akashuka.

"Mwanangu, mashine inataka kukaguliwa. Tusimame tuwaite mafundi wa kampuni."

"Tukisimama, mvua itatukuta, Baba. Na hao mafundi nitawalipa nini?"

Nikapanda mwenyewe, nikabandika plasta juu ya ile taa. Mzee Salimu akatikisa kichwa, akapanda kuendelea na kazi. Jambo lile lilinichoma, lakini nilijifanya sikuliona.

Siku mbili baadaye simu yangu ililia. Alikuwa dada mmoja wa ile kampuni ya kukopesha.

"Bi Mwanasha, shinikizo la mafuta yanayouinua mkono wa mashine linashuka. Mwambie dereva aushushe mkono polepole, azime."

"Kwani uko hapa Taru?"

"Niko Mombasa, ofisini. Mashine inatuletea habari zake kwa mtandao. Tafadhali, mama, sasa hivi."

Nilitazama chini ya ule mkono. Vijana wangu wawili wa kazi walikuwa wakinyoosha ukingo kwa koleo. Nikapiga kelele watoke, nikampungia Mzee Salimu aushushe mkono. Mkono ulishuka taratibu, na ulipobakiza kimo cha mtoto kufika chini, mpira wa kupitishia mafuta ukapasuka. Chuma chote kile kikaanguka pale pale walipokuwa wamesimama.

Mmoja wa wale vijana alikaa chini kwenye udongo, akawa anaitazama mikono yake.

Mafundi walipofika nilikiri habari ya plasta. Mkubwa wao akaniambia kuwa kwa kuificha hitilafu, mkataba unawaruhusu kuichukua mashine siku ile ile. Hawakuichukua. Kisha nikamuuliza gharama ya ukaguzi. Akashangaa.

"Umo ndani ya kodi yako, mama. Unaulipia kila mwezi."

Niliona haya mbele ya Mzee Salimu hata nikashindwa kumtazama. Jioni aliniambia neno moja tu: "Mimi sijui kusoma, mwanangu. Wewe unajua."

Tulichelewa. Mvua ya kwanza ilipita bure, na wafugaji walikuwa na haki ya kuninunia. Zilizofuata zililijaza lambo. Baada ya miaka minne ekskaveta ikawa yangu.

Basi, mwanangu, ukitia sahihi, uwe umesoma hadi ukurasa wa mwisho, na usipoelewa uliza, hata wakikucheka. Kitu ulichokodi kina mwenyewe. Usimfiche mwenyewe hali ya kitu chake. Na usiharakishe kazi mahali ambapo mtoto wa mwenzio amesimama chini. Mola akupe riziki ya halali, akuepushe na ajali, na akuwekee karibu watu wa kukwambia ukweli.