Usaili wa Nyuma ya Mlango

Siku yangu ya kwanza kazini Singida, nikiwa ofisa utamaduni mdogo, Ofisa Utamaduni wa Mkoa aliniuliza kama najua kupiga ngoma. Nikamjibu kwamba sijui, ila nimesomea sanaa za maonyesho chuo kikuu. Akanitazama kama mtu aliyeagiza jembe akaletewa mwavuli.

"Kucheza je?"

"Kidogo, mzee."

"Utajifunza. Hapa watu watakuita Bwana Ngoma, upende usipende."

Waliniita hivyo mpaka nilipostaafu, na sikupenda. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, suruali mbili, baiskeli ya ofisi isiyo na breki ya nyuma, na uhakika kwamba Singida napita tu. Kikundi cha maigizo cha taifa kingeita usaili, ningekwenda Dar es Salaam, ningechaguliwa, na mkoa ungepata mtu anayejua ngoma. Nilijipa miezi sita. Sanduku langu sikulifungua lote.

Vijana wanaokuja kuniuliza nafasi za kuigiza zinapatikanaje hucheka nikiwaeleza tulivyozipata sisi. Kulikuwa na waraka, yaani barua moja iliyopigwa chapa makao makuu, nakala zake zikasambazwa mikoani. Singida tulipata nakala ya chini kabisa, iliyofifia kiasi kwamba nusu tulisoma na nusu tulikisia. Barua zote zilikuja na basi la Dodoma. Kwa hiyo kila siku nilikwenda posta asubuhi, nikarudi tena kabla hawajafunga. Karani wa posta alikuwa akitikisa kichwa kabla sijateremka kwenye baiskeli. Mwaka wa kwanza ulipita hivyo, wa pili ukaanza.

Waraka ulipofika, haukuniita. Ulisema jopo la wasaili watatu litazunguka mikoani, kila mkoa uandae watu kumi, na jopo litachukua mmoja.

"Waandae," akasema Ofisa wa Mkoa.

"Na anayewaandaa anaweza kusailiwa?" Niliuliza kama anayeuliza habari za mvua.

"Waraka haujakataza," akajibu bila kuinua kichwa. "Wala haujakuomba."

Nikaorodhesha watu kumi. Kisha nikaongeza wa kumi na moja.

Niliwatafuta vijijini, Sepuka, Mungaa na Iguguno, nikiwatembelea mmoja mmoja kwa baiskeli. Kila mtu alipewa dondoo, yaani kipande kifupi cha mchezo kinachotosha kuonyesha uwezo wa mtu. Dondoo la watu wawili nililiandika mwenyewe. Mume anataka wahamie kijiji cha Ujamaa, mke hataki kuliacha tembe lao, nyumba ya miti na udongo, na mwishoni mke anakubali. Lazima akubali, maana nililipiga chapa kwenye mashine ya serikali.

Nilikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza, usikariri umekaa. Kariri ukilima, ukichota maji, maneno yashike mwilini. Ya pili, msubiri mwenzako. Usijibu kwa sababu zamu yako imefika, jibu kwa sababu umemsikia. Hiyo ya pili niliifundisha vizuri sana, ingawa mwenyewe sikuweza kusubiri barua.

Aliyeipokea upesi kuliko wote ni Mama Zena wa Sepuka, mjane wa makamo. Hakujua kusoma. Nilimsomea dondoo mara mbili huku akipura uwele, akalishika lote.

"Huyu mwanamke anakubali upesi mno," akasema.

"Mama, ndivyo ilivyoandikwa."

"Aliyeandika ana mke?"

"Hana."

"Nilijua." Akaendelea kupura.

Wa kucheza mume nilimpata Mungaa. Alikuwa fundi baiskeli aitwaye Msengi, mwenye sauti ya kujaza uwanja. Mkewe alinikaribisha ugali na mlenda kila nilipofika, akanitengea na maji ya kunawa, nami sikuwahi kumwuliza anaitwa nani wala kwao wapi.

Sikuuliza kwa makusudi. Chuoni tulifundishwa kwamba adui wa usaili wa haki ni undugu. Nikaamua kwamba orodha yangu haitakuwa na majina wala koo, ila namba tu. Msengi akawa Namba Tatu, Mama Zena Namba Saba, mimi Namba Kumi na Moja. Kila mmoja nilimfanyisha mazoezi peke yake, mimi nikijibu upande wa pili, ili siku ya usaili wakutane kwa mara ya kwanza na mchezo uwe mbichi. Niliona nimegundua jambo ambalo maprofesa wangu hawakulifikia.

Siku ikafika. Ukumbi wa mjini ulijaa. Mwenyekiti wa jopo alikuwa mama mwenye miwani minene na saa kubwa ya mkononi, ambayo aliitazama kuliko alivyotutazama sisi. Saa nane walitakiwa waanze safari ya Dodoma. Watu wakapita mmoja mmoja. Ilipokuwa zamu ya dondoo la wawili, Msengi akasimama katikati ya ukumbi, nami nikamwita Namba Saba, niliyekuwa nimemsubirisha nje.

Mama Zena akaweka mguu mlangoni, akamwona Msengi, akarudi nje kama aliyekanyaga moto. Akajifunika khanga kichwa kizima. Msengi naye akageukia ukuta.

Kicheko kikaanzia nyuma.

"Bwana Ngoma!" akapaza sauti mzee mmoja wa Iguguno. "Leo umemwoza mtu kwa mama mkwe wake!"

Yule mwanamke aliyenilisha mlenda Mungaa ndiye Zena. Na huku kwetu mkwe wa kiume na mama wa mkewe hawatazamani usoni, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja huingia shambani mpaka mwenzake apite. Mimi nilikuwa nimewafanya mume na mke, mbele ya serikali. Mlangoni palikuwa na mkwewe, kwa hiyo Msengi akatokea dirishani.

Mwenyekiti akatazama saa, akamgeukia mkuu wangu. "Ndugu Ofisa, tuna nafasi ya mtu mmoja. Nani amebaki?"

Walibaki wawili. Mama Zena, asiye na wa kumjibu, na Namba Kumi na Moja, ambaye alikuwa na karatasi kwenye mfuko wa shati. Lilikuwa dondoo la mtu mmoja, mzee anayezungumza na wanawe waliomtelekeza. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi miaka miwili, njia yote ya posta kwenda na kurudi. Nikagusa mfuko. Nje nilisikia Mama Zena akiomba aonyeshwe njia ya kwenda stendi.

"Namba Kumi na Moja hakufika," nikasema. Nikatoka.

"Mama, ingia. Ametoka."

"Siingii. Alikuwa amesimama humo sasa hivi."

"Kosa ni langu, Mama. Sikuuliza."

"Hukuuliza! Chakula cha mwanangu ulikula, hukuuliza?"

"Basi semea hapo hapo ulipo. Mimi ndiye mumeo."

"Wewe angalau si mkwe wangu," akasema. "Haya, nenda."

Akasemea nyuma ya mlango, mimi nikimjibu kutoka ndani. Hakuna aliyemwona. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini watu waliacha kucheka, kisha wakaacha kukohoa. Tukafika mahali mke anapokubali, nami nikasubiri aseme, "Sawa, mume wangu, twende tukajenge taifa." Hakusema.

"Tembe nitalibomoa," akasema. "Miti nitaibeba. Na kaburi la mwanangu nalibeba na nini?"

Karatasi yangu haikuwa na jibu. Ofisa wa Mkoa aliacha kujipepea kwa waraka. Kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika maisha yangu ya sanaa nikafanya nilichokuwa nafundisha: nikasubiri.

"Tangulia," akasema baada ya muda. "Mimi nitakufuata jioni."

Mwenyekiti akavua miwani. "Huyu tunamchukua, kwa michezo ya redio." Kisha akanielekezea kalamu. "Na huyu aliyekuwa akimjibu ni nani?"

Moyo wangu ulishafika Dar es Salaam.

"Huyo ni Ofisa Utamaduni," akasema mkuu wangu.

"Ahaa." Akaandika kitu, akakikata. "Dereva yuko wapi?"

Mama Zena aliondoka baada ya mavuno. Mimi nikahamishiwa Manyoni, nikarudishwa Singida, nikapelekwa Itigi, na kila kituo nilitafuta kwanza posta ilipo. Waraka mwingine ulipokuja, ukomo wa umri ulikuwa miaka thelathini. Nilikuwa na thelathini na mmoja. Nikaendelea kuwaandaa wengine, nikiuliza ukoo wa kila mtu kabla ya jina lake. Jioni nilimsikia Mama Zena redioni, nikajiambia kwamba pale alipo ni mahali pangu, nilimwachia. Hilo lilinifaa kwa miaka mingi.

Nilipostaafu, naye alikuwa amerudi Sepuka. Nikaenda kumwona.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Bwana Ngoma. Ile karatasi unayo bado?"

"Karatasi gani?"

"Ya mfukoni. Nilikuona kwenye upenyo wa mlango, unaigusa kama mtu aliyeibiwa."

Nilikuwa nayo. Nikasimama, nikamfanyia dondoo lote, sauti ikapanda na kushuka panapostahili. Nilipomaliza alikuwa akichambua mchicha.

"Usingechaguliwa," akasema.

Nikaitazama karatasi.

"Unasema kama mtu anayengoja basi. Kila neno mguu mmoja uko nje. Hao wanao unaowasema, umewahi kuwasikia wakikujibu?"

"Dondoo ni la mtu mmoja, Mama."

"Ndilo kosa lake." Akaweka sinia chini, akanyanyuka kwa kushika magoti, akatoka, akafunga mlango. Sauti yake ikaja kutoka nje. "Anza tena. Mimi ndiye mwanao wa kwanza, nimerudi. Usiseme neno mpaka nigonge."

Nikaikunja karatasi, nikakaa kwenye kigoda chake, nikangoja agonge.