Dresa na Gavana wa Matrekta

Miaka ile matrekta ya mradi wa Waingereza wa karanga yaliponguruma Nachingwea, dresa, yaani mhudumu wa tiba, wa zahanati yetu ya Ruangwa hakuuliza tarehe ya ugonjwa, kwa kuwa kila jamaa wa mgonjwa alijibu, “Juzi.” Alifuta miwani kwa ncha ya koti, akauliza kwa sauti ya chini, “Ugonjwa ulipoanza, shambani kulikuwa na nini?” Siku moja mama mmoja, Mwamini wa kijiji cha Nandagala, alimleta mwanawe Kaimu, aliyesikia sauti zisizosikiwa na wengine. Alikuwa amefichwa nyumbani, posa yake isije ikavunjika.

“Ni juzi tu, Bwana Dresa. Ufuta ulikuwa unachanua.”

“Mama, usimdanganye,” Kaimu akasema. “Ufuta umechanua mara mbili tangu niwe Gavana wa matrekta.”

Dresa alisimama, akampa mkono kwa adabu. “Asante, Mheshimiwa.” Kisha akamgeukia Mwamini. “Angeletwa ufuta wa kwanza, mama, pengine angepona upesi. Sasa kupona kwake kutakwenda mwendo wa kinyonga. Nitampeleka hospitali kubwa. Msimchoke.”

Mwamini aliinamisha kichwa. Kaimu naye alihuzunika. “Nikiwa hospitali, nani atatawala?”

“Mama yako,” dresa akajibu. “Na amri yake ya kwanza ni kwamba upande lori la hospitali leo hii, kabla ya adhuhuri.”