Siku Niliyomvika Mama Mkwe Neno Shingoni

Watu wakianza kusimulia aibu zao mimi huwa nacheka kwa tahadhari, maana najua ipo siku mmoja atanigeukia aniulize, "Na wewe, mwalimu, hayajawahi kukukuta?" Basi leo nasema mwenyewe kabla sijaulizwa. Nilimvika mama mkwe wangu kamba shingoni, mbele ya wazazi wa shule yetu ya Ludara na mgeni kutoka ofisi za serikali za Arua Hill, kisha nikamshika mkono nikamkokota. Huo ndio ukweli, na kila nikiukumbuka masikio yananiwaka moto.

Ilikuwa miaka ile tumerudi kutoka ukimbizini Sudani. Shule haikuwa na mbao za milango, madirisha yalikuwa matundu tu, meza ilikuwa moja, ya hedimasta, na mimi nilikuwa mwalimu wa Kiingereza (cheti sikuwa nacho, lakini Kiingereza kilinitoka bila kukwama, na nisifiche, nilikuwa najisikia sana). Wakati huohuo nilikuwa nimeposa msichana wa Ajia, Ayikoru, niliyekutana naye Arua mjini akijifunza ushonaji. Wazee wangu walikuwa wamekwenda kwao mara mbili na jibu lilikuwa bado halijatoka. Baba yake hakuwa na neno, kikwazo kilikuwa mama, aliyesema hawezi kumtoa mtoto wake kwa Mkakwa, mtu wa kabila lingine, asiyemjua tabia. Na mama huyo sikuwahi kumwona, wala sikutakiwa kumwona. Kwetu na kwao mila ni moja, mwanamume hatazamani na mama mkwe, hamsemeshi, akimwona kwa mbali anaacha njia na kuingia majanini mpaka apite. Kumgusa? Hilo wazee hawakuwahi hata kulikataza, maana nani angelifanya?

Ikaja siku ya wazazi. Watoto wangu wa darasa la sita walikuwa wanavijua vielezi kwa kuvikariri, vihusishi kwa kuvikariri, viunganishi vilevile, lakini ukiwaambia waviweke pamoja katika sentensi moja ya Kiingereza wanabaki kukutolea macho. Kwa hiyo nikakata katoni za maziwa ya msaada, nikaandika neno moja kila kipande, nikatoboa na kutia kamba ya katani, kila mtoto akavaa neno lake. Sentensi ilikuwa hii: "The goat sat quietly under the table because the leopard was at the door." Mbuzi alikaa kimya chini ya meza kwa sababu chui alikuwa mlangoni. Mbuzi anajikunja kabisa chini ya meza, "quietly" anamwekea kidole mdomoni kuonyesha alikaaje, "under" anapiga magoti, mkono mmoja kwa mbuzi na mwingine kwenye meza, ili ijulikane nani yuko wapi. Na "because" ndiye anayesimama katikati, mkono wa kulia ameshika nusu ya kwanza, wa kushoto nusu ya pili, akiachia tu, sentensi inakatika na watoto wote wanaanguka. Hapo kwenye kuanguka ndipo nilipotegemea kupigiwa makofi.

Asubuhi hiyo "because" akashikwa na homa. Ningeweza kumpa mtoto mwingine ile kadi, au ningeivaa mwenyewe na mambo yakaisha salama, lakini maringo ni maringo, nikajisemea, ngoja nimtoe mzazi mmoja hapa, mgeni wa Arua aone kwamba mimi nafundisha hata wakubwa.

Darasa lilijaa, wengine wamechungulia madirishani. Karibu na mlango alisimama mama mmoja aliyejifunika kitenge mpaka yakabaki macho, na pembeni yake mwanamke mwingine mnene. Ilikuwa siku ya soko, nikadhani ni wageni waliokuja kununua simsim, yaani ufuta, wakapitia kutazama.

"Mama, kuja hapa mbele," nikamwambia.

Akageukia ukutani.

"Mama, usiogopa. Hii kazi iko rahisi sana."

Akatikisa kichwa bila kutoa sauti. (Sasa najua kwa nini hakunijibu, maana hata kunikatalia kwa maneno ilikuwa ni kunisemesha.) Yule mnene akakohoa, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, wacha huyu. Chukua mutu mwingine."

Mtu mwenye akili angesikia. Mimi nikainua mkono kama mwanasiasa, nikatangaza, "Hapana! Leo wazazi nao iko shule!" Watu wakapiga makofi, na yale makofi ndiyo yaliyonimaliza. Nikamfuata mpaka pale ukutani, nikampitishia kamba kichwani, kadi ikamwangukia kifuani. Alikauka pale pale. Nikaona nimtulize kwa utani, nikasema darasa zima lisikie:

"Mama, mbona nanikimbia namna hii? Mimi si mkwe yako!"

Watu wakavunjika mbavu. Yule mnene alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, nami nikadhani naye anacheka.

Nikamshika mkono. Ulikuwa unatetemeka, na hapa ndipo inaponiuma zaidi, kwamba niliusikia ukitetemeka na sikuuachia. Nikavuta, akavuta, nikavuta tena, kamba ikanasa kwenye kitenge, kitenge kikaanguka, na mbele yangu, karibu kabisa, nikamwona Ayikoru. Pengo lilelile la meno ya juu, alama ileile chini ya jicho la kushoto, isipokuwa ameongezewa miaka ishirini na kitu na hasira ya ukoo mzima. Nikajua kabla sijaambiwa.

"Huyu mama ya Ayikoru!" yule mnene akapiga kelele. "Mama ya bibi yako, mwalimu! Alikuja kuona weye mutu gani!"

Njia ya kukimbilia ilikuwa moja, mlango, na mlangoni alikuwa yeye. Madirisha yote yalijaa vichwa vya watu. Nikaingia chini ya meza, nikajibana na mtoto aliyekuwa mbuzi, nikafumba macho. Nikasikia miguu yake ikikimbia nje, kadi yangu ingali shingoni mwake.

Yule mgeni wa Arua hakuwa mtu wa huku, hakujua mila wala hakuelewa kelele zile, akadhani yote ni sehemu ya somo. Akawauliza watoto kwa Kiingereza ni nani anaweza kueleza alichokiona. Msichana mmoja akasimama wima, akatoa kwa sauti safi, "The teacher sat quietly under the table because his mother-in-law was at the door." Mwalimu alikaa kimya chini ya meza kwa sababu mama mkwe wake alikuwa mlangoni.

"Very good!" akasema mgeni. Watoto wakapiga makofi. Sijawahi kufundisha somo likaeleweka vile, na sijawahi kutamani kufa vile.

Siku tatu baadaye ujumbe ukafika kutoka Ajia kwamba posa isimame. Sikula, sikulala. Mwisho wazee wangu wakachukua mbuzi wa kuondoa aibu tukaenda. Mimi nilikalishwa nyuma ya ghala, nimewapa mgongo, nasikia tu. Mjomba wa Ayikoru alinisema mpaka jua likahama. "Mwalimu gani haina macho? Mutu nakataa mara tatu, weye navuta tu kama ng'ombe?" Alisema kweli.

Kisha ikatoka sauti ndani ya nyumba, sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, ikizungumza na mjomba, siyo nami.

"Uliza yeye, kwa ile karatasi iliandika nini? Mimi naona haya kuuliza mtoto asomee mimi."

Nikamjibu mjomba, "Mwambie iliandikwa 'kwa sababu'."

Mjomba akamrudishia jibu.

"Haya," mama akasema. "Siku ile aliuliza kwa nini mimi nakimbia yeye. Jibu alinifunga kwa shingo yeye mwenyewe."

Mjomba ndiye aliyeanza kucheka, kisha wazee wangu, kisha nyumba nzima, na mimi nyuma ya ghala machozi yakinitiririka. Yule mama akasubiri wanyamaze, akasema, "Pokea mbuzi. Lakini yeye ajifunze kuachia mutu mkono."

Nimejifunza. Ayikoru yuko nyumbani kwangu, tuna watoto wanne, na mama yake hatujatazamana tena. Somo lile bado nalifundisha kila mwaka, ila kadi ya "because" naivaa mwenyewe, na nikiona mtu amegeukia ukutani, namwacha na ukuta wake.