Hesi ya Inchi

Baba alishuka kutoka Masama na shafti iliyofungwa kwenye gunia, akanikuta karakanani nikifuta mafuta mashine yangu ya kukereza, ingawa siku hizo haikuwa na kazi. Kiwanda chetu pale Moshi kilikuwa kinauzwa. Wengi walikuwa wameshapunguzwa. Sisi tuliobaki tulikuja asubuhi, tukavaa ovaroli, tukasubiri kuambiwa lolote.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Imekatika," alisema, akafungua gunia.

Ilikuwa shafti ya mashine yake ya kukobolea kahawa, ile ya kuzungusha kwa mkono, ambayo babu alimwachia. Ilikuwa imekatikia kwenye hesi, yale meno ya mzunguko yanayoshika gurudumu. Na kahawa kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani, ilikuwa imeiva yote kwa mpigo. Kahawa mbivu ikishachumwa haisubiri. Isipokobolewa mapema inachacha.

Nilitoa geji zangu, vibati vyembamba vyenye meno, nikajaribisha kimoja kimoja kwenye kipande kilichobaki. Kibati cha milimita mbili kilikaa vizuri mwanzoni. Nilipokiinua dirishani nikaona mwanga unapenya upande wa pili, kidogo, kisha zaidi. Hesi ilikuwa ya inchi, ya kizamani. Mashine yangu ilikuwa ya milimita. Kukata inchi iliweza, ila kwa kubadilishiwa gia, na kati ya hizo gia lazima iwemo ile kubwa ya meno mia moja ishirini na saba. Nilikwenda kabatini kuichukua. Kabati lilikuwa tupu.

"Vya humo vilikwenda na chuma chakavu," mtunza stoo aliniambia. "Mnunuzi wa kiwanda hakuvitaka."

Msimamizi wangu alikuwa amesimama karibu. "Mkatie ya milimita mbili," alisema. "Akikaza na spana itaingia."

"Itaingia kidogo, halafu itabana. Gurudumu ni chuma cha kusubu. Akilazimisha litapasuka."

Aliinua mabega akaondoka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kama sisi.

Kesho yake nilikwenda Kiboriloni kwa wauza vyuma. Gia niliikuta, nikaitambua kwa alama iliyogongwa ubavuni. Lakini walikuwa wameipiga nyundo kuitoa kwenye ekseli yake, na upande mmoja meno yalikuwa yameng'oka yote. Niliirudisha chini juu ya zile nyingine.

Ikabaki njia moja: kuachana kabisa na ile inchi. Nilimwomba baba alete na gurudumu lenyewe, nilipanue tundu lake, nikate hesi mpya ndani, kisha nitengeneze shafti nene zaidi ya kulingana nayo. Alilileta begani tangu kituo cha basi, akaliweka mezani taratibu.

"Ukishalipanua, haliwezi kurudi kama zamani?"

"Haliwezi, baba. Lakini vyote viwili vitakuwa vipya na vitashikana."

Alifikiri kidogo. "Haya. Fundi ni wewe."

Nililifunga kwenye mashine, nikalihangaikia mpaka likazunguka bila kuyumba. Nilipanua tundu kidogo kidogo, nikipima kila mara, mpaka kipimo kikatulia pale nilipopataka. Nikafunga kisu cha hesi, nikapitisha mkato wa kwanza, mwembamba kama unywele. Nikasimamisha mashine, nikaweka kibati. Kilikaa bila mwanga. Kwa muda mfupi nilikuwa na furaha, nakiri.

Nilipowasha tena, mashine haikuitika. Taa za karakana nzima zilikuwa zimezimika. Mlangoni walisimama wanaume wawili wa mnunuzi na kufuli kubwa.

"Nipeni saa moja tu," niliwaambia. "Nimeshaanza kazi ya mtu."

"Mama, hatuna ruhusa. Toeni vitu vyenu, tunafunga leo."

Nililifungua gurudumu. Ndani ya tundu kulikuwa na mkwaruzo wa mzunguko tu, wa kuhisiwa kwa kucha. Hesi ya zamani haikuwepo, mpya haikuwepo.

Tulizunguka gereji za mjini, baba na mimi. Fundi mmoja alikuwa na mashine ya kukereza, lakini mota yake ilikuwa imeungua. Wengine waliangalia, wakatikisa kichwa. Wa mwisho alisema atalichomelea kwenye kipande cha bomba, na baba, ambaye kahawa yake ilikuwa mavunoni, akakubali. Nilimwambia halitadumu. Akasema hana lingine. Kule nyumbani lilipasuka kabla hata debe moja halijaisha.

Jumamosi nilipanda Masama. Harufu ilinipokea njiani kabla sijaona nyumba, harufu ya utamu uliooza. Majirani walikuwa na kahawa yao ya kukoboa. Zamu ya kutuazima mashine ilikuja tumeshachelewa. Kidogo mama alianika hivyo hivyo na maganda yake, ya kuuza kwa bei ya kutupa. Iliyobaki baba alikuwa anaichota kwa koleo na kuimwaga kwenye mashina ya migomba. Nilichukua koleo la pili.

Juisi nyekundu iliingia kwenye viatu vyangu, nzi wakajaa usoni.

"Mwakani nitaing'oa mibuni hii," alisema mwishowe. "Nipande nyanya, kama wa bondeni."

Miti ile aliipanda babu.

"Na wewe utafanya kazi gani sasa?"

"Sijui, baba."

Akaitikia kwa kichwa, akachota tena.