Saini ya Msomaji wa Pili

Wivu una aibu zake, ndiyo maana wenye nao huupa majina mengine. Mama huyu aliuita kujali kazi. Ofisini walimwita Dada Jicho, na jina hilo hakupewa bure. Alianza kama mpiga chapa, akichapa ripoti za watu wenye shahada, na kwa kuwachapia ndipo alipogundua kwamba wenye shahada nao hukosea. Akawa anawanong'oneza makosa yao kabla hawajaaibika. Miaka kumi na tisa baadaye alikuwa afisa kamili, ana meza yake karibu na dirisha, na hakuna koma iliyompita.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Nchi saba zilikuwa zimeungana, na kwenye ghorofa ya tatu ya makao makuu ya umoja huo kilikuwepo kitengo cha mfuko wa maendeleo ya mikoa. Nchi wanachama zilileta maombi: barabara ya wilaya iliyosahauliwa na serikali yake, bwawa, chuo cha ufundi. Afisa mmoja aliandaa faili, kisha mwenzake asiyehusika nalo akalisoma upya na kutia saini, ndipo likaenda kwa kamati ya wajumbe wa nchi zote. Msomaji wa pili akiona kosa, waombaji walipewa siku kumi kulirekebisha. Kamati ikiliona yenyewe, faili lilirudi mwisho wa foleni kungoja awamu nyingine, na awamu moja ilikuwa miaka mitano.

Msomaji wa pili, mara tisa katika kumi, alikuwa Dada Jicho. Watu walimletea mafaili kama wanaompelekea daktari mgonjwa, wakasimama pembeni wakisubiri uso wake useme kitu. Alikuwa akipenda sana dakika hizo, ingawa hakuwahi kumwambia mtu.

Halafu akaja Mpya. Jina hilo alimbandika Dada Jicho mwenyewe siku binti yule alipoingia na shahada zake mbili na sauti yake ya chini, na miaka minne baadaye ofisi nzima ilikuwa bado inamwita hivyo. Mpya alikuwa hodari, hilo tuliseme waziwazi kwa sababu Dada Jicho hakulisema kamwe. Barua zake zilikuwa za mistari mitatu na zilijibiwa siku hiyohiyo. Wajumbe waliokuwa wakigombana tangu enzi za mkurugenzi aliyepita walimpigia simu yeye ili awapatanishe, na ungemsikia anacheka nao. Dada Jicho alikuwa akihesabu vicheko hivyo kupitia ukuta wa mbao.

"Leo kakufanyia nini tena huyo binti?" mumewe alikuwa akimuuliza jioni. Alikuwa fundi saa, mtu wa maneno machache na mzaha mwingi.

"Kwani nimemtaja?"

"Hujamtaja. Ila hicho kitunguu unakikata kana kwamba kimekutukana."

Mambo yaliharibika mkurugenzi aliposimama kwenye kikao cha Ijumaa, mbele ya kitengo kizima, akasema, "Jamani, mjifunze kuandika kama Mpya." Alisema hivyo tu, kisha akaendelea na habari ya likizo. Lakini mkuu wa kitengo alikuwa anastaafu mwezi wa sita, na kila mtu alijua kiti chake kinagombewa na wanawake wawili. Dada Jicho alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Kiti kile alikuwa amekingoja tangu binti yule akiwa na sare za shule. Usiku huo alijiambia tena kwamba anajali kazi.

Faili la daraja lilikuja Jumatatu iliyofuata. Lilikuwa la Mpya, faili kubwa kuliko yote ya awamu ile: nchi mbili jirani, mto mmoja katikati, na wilaya mbili ambazo watu wake walivuka kwa mitumbwi kwenda zahanati iliyokuwa upande mmoja tu. Mvua ikinyesha, mwenye uchungu wa kuzaa aliachwa ukingoni mpaka maji yapungue. Mpya alikuwa amehangaika na daraja hilo miaka miwili.

Dada Jicho alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akitafuta. Kila nchi, kama ilivyo desturi, ilileta ramani ya upande wake, na mwandaaji kazi yake ni kuziunganisha ndani ya faili moja. Alipofika kwenye ramani aliweka kidole kwenye moja na kidole kwenye ya pili. Upande wa kaskazini daraja lilianzia soko la zamani. Upande wa kusini liliishia kwenye josho la ng'ombe, kilomita nne kuelekea mto unakotoka. Mpya alikuwa ameweka ramani ya kusini ya maombi ya kwanza, yale yaliyokataliwa awamu iliyopita. Ni kosa la mtu aliyechoka, la karatasi moja.

Ndugu msomaji, moyo wake uliruka kwa furaha. Hakukuwa na huruma ndani yake hata ya kulamba. Alifunga faili, akalifungua tena, akahakikisha.

Saa tano Mpya alipita mezani. "Dada, vipi? Kuna lolote?"

"Liko safi," alisema Dada Jicho, akatia saini.

Wiki mbili zile za kungoja kamati alilala vizuri kuliko mwaka mzima uliotangulia. Mara moja tu, akiwa anapanga foleni benki, alimwona mjamzito ameshika kiuno, akageuza uso akasoma tangazo la ukutani mpaka zamu yake ikafika. Nyumbani mumewe alimuuliza mbona anaimba. Akasema hata yeye ana haki ya kuimba.

Siku ya kamati, ukumbi ulijaa. Wajumbe kumi na wanne, maji ya chupa, vipaza sauti vinavyokoroma. Mpya alieleza daraja kwa ufasaha, watu wakitikisa vichwa kukubali, mpaka mjumbe wa kaskazini, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akainua mkono.

"Mimi naomba kuelimishwa," alisema. "Sisi daraja tunalianzisha sokoni. Wenzetu wanalipokea kwenye josho. Katikati kuna kilomita nne. Magari yatafanyaje, yataogelea?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mpya aliinamia ramani, na Dada Jicho, aliyekuwa kiti cha tatu nyuma yake, aliona shingo ya binti yule ikibadilika rangi. Ndicho alichokuwa amekingoja, na kilikuwa kitamu kama alivyotarajia.

"Kosa ni langu," Mpya alisema. "Nimeweka ramani ya zamani."

Mkurugenzi alikuwa amekunja uso. Alilivuta faili, akatazama saini. "Na msomaji wa pili alikuwa wapi?"

"Nawaomba msimlaumu dada," Mpya alisema upesi. "Wiki ile nilimrundikia mafaili sita. Na macho yake siku hizi yanachoka, sote tunajua. Mimi ndiye niliyepaswa kumpunguzia kazi."

Watu waligeuka wakamtazama Dada Jicho, na hawakumtazama kwa hasira. Walimtazama kwa huruma. Mhasibu, aliyekaa jirani yake, akampapasa mkono na kusema, "Umri, dada. Hata mimi nimeanza." Mkurugenzi naye akashusha pumzi, akasema kwa upole kwamba watamtafutia kazi nyepesi nyepesi.

Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Binti ameanguka, kiti kiko wazi, lawama hana. Lakini lile "sote tunajua"! Kumbe wanalisema, wanalisema chai inaponywewa, na linalowatuma kumhurumia ni neno la Mpya yule yule. Aliona afadhali achukiwe na ukumbi mzima kuliko kutetewa na Mpya.

Akasimama. "Macho yangu ni mazima," alisema. "Kosa nililiona Jumatatu ile ile, kabla ya saa tano."

"Uliliona?" mkurugenzi aliuliza.

"Niliona josho, niliona soko. Nikatia saini."

Aliyezungumza kwanza ni yule mzee wa miwani ya uzi, ambaye alikuwa ameshafungua kitabu cha kanuni. Alisema kanuni inataka kosa lionwe na msomaji wa pili, haisemi ni lazima alitangaze. Mama huyu amekiri mbele ya mashahidi kumi na wanne kwamba aliliona. Basi waombaji wana siku zao kumi, kuanzia leo. Mjumbe wa kusini alimuunga mkono mbio mbio, wengine wakafuata, na daraja likanusurika.

Nyumbani alimweleza mumewe yote. Fundi saa alisikiliza mpaka mwisho. "Basi mwishowe umetenda jema," alisema.

"Sikutaka jema. Nilitaka wajue kwamba ninaona."

"Sasa wamejua," mumewe alisema, na safari hii hakutania.

Alipewa barua ya onyo, na jina lake likaondolewa kwenye orodha ya wanaoomba kiti. Mpya alimsalimia kila asubuhi, "Shikamoo dada," kama kawaida, na Dada Jicho angelipa mshahara wa mwezi mzima ili asalimiwe vibaya.

Siku ya nane Mpya alitokea na faili la daraja likiwa limefungwa upya, ramani mpya ndani. Dada Jicho alisogeza kikombe chake ili meza ipate nafasi. Mpya alipita. Alikwenda mpaka kona ya mwisho, kwa mhasibu, mtu anayesoma huku akila karanga, akaliweka mbele yake na kusimama pembeni akisubiri. Maisha yake yote Dada Jicho hakuwahi kumwonea mhasibu wivu. Sasa alimwonea.

Mhasibu alipangusa vidole, akafunua, akafika kwenye ramani, akakwama. Aliinua kichwa. "Dada," aliita kutoka kule, "hizi ramani mbili huwa unazisomaje?"

Mpya alitazama sakafu.

"Weka kidole huku na kidole huku," Dada Jicho alisema bila kunyanyuka, "halafu uvilete pamoja taratibu."

Mhasibu akafanya hivyo. Kutoka pale alipokaa, Dada Jicho alinyoosha shingo, lakini mgongo wa Mpya ulikuwa katikati, hakuweza kuona kama vidole vimekutana.