Testi ya Tatu

Mwaka ule nilivunjwa pua mara mbili, mara ya kwanza kwa kichwa cha mtu na mara ya pili kwa kitako cha bunduki. Walionivunja wote wawili walikuwa wachezaji wa timu moja.

Nilikuwa mkalimani wa serikali mjini Garissa. Vita vya serikali na shifta, waasi waliotaka eneo letu lijitenge, vilikuwa vimeingia mwaka wa tatu. Kazi yangu ilikuwa kukaa baina ya askari waliotoka bara na wazee wetu wa Kisomali, nichukue maneno ya huyu nimpe yule. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, nina shati jeupe na Kiswahili nilichokipata shuleni kwa viboko. Nilikionea fahari Kiswahili hicho, maana sikuchanganya b na p kama wenzangu. Kwetu ni Tarbaj, mbali kaskazini. Baba alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na mjomba wangu, kaka yake mama. Sisi mjomba twamwita abti, naye humwita mpwa wake abti vilevile. Ndiye aliyeshikilia nisome, wakati ukoo mzima ulisema mtoto wa ngamia hana haja ya kalamu.

Raga ililetwa na mhandisi Mzungu wa idara ya barabara, mtu wa kaskazini ya Uingereza, mwenye mikono mipana na meno machache. Watu walimwita Bwana Greda, kwa jina la mashine yake ya kusawazisha barabara. Alitueleza kwamba kwao Wazungu wengine hucheza raga ya watu kumi na watano, lakini watu wa migodini na viwandani, watu wa baba yake, hucheza ya watu kumi na watatu, na kwamba hiyo ndiyo raga ya wanaume. Ukiangushwa unaachwa uinuke, unausukuma mpira nyuma kwa kisigino, mchezo unaendelea. Hakuna kujificha chini ya rundo la watu. Mwaka ule timu ya taifa lake ilikuwa imekwenda kucheza Australia, mechi tatu ambazo alituambia zinaitwa testi. Magazeti yalimfikia kwa ndege yakiwa yamechelewa wiki kadhaa, naye akayasoma kwa sauti hotelini kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Ndipo akaamua kwamba Garissa nayo itakuwa na testi zake tatu, polisi upande mmoja na watu wa ofisi upande mwingine. Hakuna aliyetaka kuitwa Uingereza, kwa kuwa bendera yao ilikuwa imeshushwa juzi tu. Ikarushwa sarafu, polisi wakashindwa, wakawa Uingereza. Sisi tukawa Australia.

Alisafisha uwanja kwa greda karibu na kiwanja cha ndege. Aliondoa miiba, lakini ardhi hakuweza kuilainisha. Ilikuwa ngumu kama sakafu ya saruji, na kila aliyeanguka aliacha ngozi pale.

Polisi walikuwa na koplo mmoja kutoka upande wa ziwa, mkubwa wa mwili, mpole wa maneno. Tulifanya mazoezi pamoja, na yeye ndiye aliyenifundisha kumwangusha mtu. Alisimama mbele yangu akaniambia nimjie, nikamjia, akanitupa kando. Akaniambia nirudie. Nilirudia mpaka mabega yakawa yanawaka moto.

"Shika magoti yote mawili," alisema. "Kichwa kiweke kando, si mbele. Na usifumbe macho. Mtu akifumba macho ndipo anapoumia, au anapoumiza."

Katika testi ya kwanza yeye mwenyewe ndiye aliyenivunja pua. Nilimjia nimefumba macho, paji lake likanipata katikati ya uso. Damu ilinijaa mdomoni. Alinikalisha chini, akaishika pua yangu kwa vidole gumba viwili, akainyoosha kwa mkupuo mmoja, nikapiga yowe, watu wakacheka, nikarudi kucheza. Walitushinda. Testi ya pili tulishinda sisi, na siku hiyo karani wetu wa posta alipoteza kipande cha sikio, na askari mmoja akavunjika mbavu. Jioni tulikunywa chai pamoja. Koplo alikuwa na rafiki yake wa chanda na pete, askari wa nyumbani kwao, aliyepangwa naye bega kwa bega katika skramu, pale timu mbili zinaposukumana. Walikuwa wakiimba nyimbo za kwao huku wamekumbatiana, na damu ya watu wengine imewakaukia shingoni.

Testi ya tatu ilipangwa baada ya wiki tatu. Katikati ya wiki hizo tulitumwa mashariki, malori mawili. Koplo na mimi tulikuwa katika lori la pili. Rafiki yake alikuwa katika la kwanza.

Bomu lilikuwa limefukiwa katika alama ya gurudumu. Niliona lori la mbele likiinuka upande mmoja, kisha sauti ikaja, kisha mchanga ukatunyeshea. Wanne walikufa. Rafiki wa koplo alikuwa angali hai tulipomfikia, lakini kuanzia kiunoni kushuka hapakuwa na mtu. Koplo alimshika kichwa akawa anazungumza naye kwa lugha yao, taratibu, mpaka alipokata roho. Kisha akaanza kuokota. Alizunguka ndani ya vichaka akiokota vipande, akavikusanya kwenye turubai, akalifunga turubai kwa kamba ya lori. Hakulia.

Mbele kidogo palikuwa na visima. Nilijua kwamba ukame na vita vimewasukuma watu wa mjomba wangu mpaka visima hivyo, na njia nzima nilimwomba Mungu wawe wameshahama. Hawakuwa wamehama. Askari waliwatoa wanaume wote wakawakalisha juani, mikono kichwani. Mjomba alikuwa wa tatu katika mstari. Aliniona, akageuza uso kama anayemwona mgeni. Nikaelewa kwamba ananilinda, maana mkalimani aliyekutwa na jamaa zake mahali kama pale naye angekalishwa mstarini. Nami nikageuza uso.

Koplo alianza na wa kwanza, akaenda kwa wa pili, akafika kwa mjomba. Akaniambia nimuulize kama shifta walipita hapo. Nikauliza. Mjomba akajibu kwa Kisomali, bila kuinua sauti, kwamba usiku wa jana walikuja watu asiowajua ni kina nani, walikuwa na kiu, naye aliwapa maji, kwa sababu kisima hakiulizi jina la mtu.

Nimelifikiria jibu hilo kwa zaidi ya nusu ya umri wangu. Ningeweza kusema hakuona mtu. Ningeweza kusema mzee huyu ni kiziwi. Hakuna askari hata mmoja pale aliyejua Kisomali. Lakini nilikuwa nimezoea kuwa sahihi, na mbele ya macho yangu palikuwa bado na turubai lile, na ulimi ulitangulia.

"Amesema aliwapa maji," nikasema.

Koplo alimpiga kitako cha bunduki mdomoni. Mzee alianguka chali, akajaribu kuinuka, akapigwa mbavuni. Nilisikia mbavu zikivunjika. Kila alipojizoazoa kukaa, alipigwa tena, na koplo alikuwa akihema kama alivyokuwa akihema uwanjani, kwa mpango, bila haraka. Mimi nilisimama hatua mbili kutoka hapo, daftari mkononi. Askari wengine walikuwa wameshaanza kuwapiga risasi ngamia. Ngamia akipigwa haanguki mara moja. Hupiga magoti kwanza kama anayetaka kupakiwa mzigo. Walikuwa wengi, wakapiga magoti mmoja baada ya mwingine kukizunguka kisima, na maji yakawa mekundu. Wanawake walilia mpaka sauti zikawakauka.

Watu wale waliletwa Garissa wakatiwa ndani ya uzio wa seng'enge, katika kile kilichoitwa kijiji. Mjomba alibebwa kwenye lori moja na turubai.

Bwana Greda alitaka testi ya tatu ifutwe. Mkubwa wa polisi alikataa, akasema vijana wake wanahitaji kutoa yaliyo kifuani. Ikachezwa Jumamosi. Sikumwambia mtu yeyote kwamba yule mzee ni wangu.

Mchezo wenyewe haukuwa mchezo. Polisi walicheza kama watu waliotumwa. Mwalimu mmoja wa timu yetu alikanyagwa mkono, vidole vikavunjika. Dresa wa hospitali alipigwa kiwiko akapoteza fahamu, akatolewa. Bwana Greda alipuliza filimbi mpaka akachoka kuipuliza. Koplo hakuwa akikwepa mtu. Aliwapitia watu katikati ya kifua, na sikumwona akitazama aliyemwangusha.

Kipindi cha pili alikuja upande wangu na mpira kwapani. Sikufumba macho. Niliuona mguu wake wa kushoto ukitua na kukita, nikasubiri mpaka uzito wote uwe juu yake, kisha nikaingia kwa bega, si kwa kushika magoti yote mawili kama alivyonifundisha, bali ubavuni, kwenye goti lile moja. Lilivunjika kwa sauti ya ukuni mkavu. Alianguka. Nilikuwa bado nimeushika mguu ule, na nilijua umevunjika, nikauzungusha. Hilo sijaliungama mahali popote ila hapa. Niliuzungusha kwa nguvu zangu zote, na kwa mara ya kwanza nikamsikia mtu yule akilia.

Askari walinirukia. Nilipigwa palepale uwanjani, kisha nikapelekwa kituoni, na huko ndiko pua ilikovunjika mara ya pili. Aliyeivunja ni yule aliyevunjwa mbavu katika testi ya pili. Walikuwa wamegundua nasaba yangu. Waliniuliza shifta wamenilipa nini. Waliniuliza nilitoa habari gani za malori. Nilipigwa nyayo za miguu kwa mpira wa gari, nikamwagiwa maji, nikapigwa tena. Siku mbili. Kuna saa niliyokuwa tayari kukubali chochote, ila walikuwa hawaulizi tena, wanapiga tu.

Siku ya tatu nikafunguliwa. Nilidhani ni kazi ya Bwana Greda, kwa kuwa nilimsikia akifoka mlangoni. Baadaye nikaambiwa kwamba mkubwa wa polisi alikwenda hospitali kuchukua maelezo ya koplo kabla hajasafirishwa Nairobi, na koplo akasema mkalimani alimwangusha kihalali, ni ajali ya mchezo, na hana la kuongeza.

Nilikwenda kumwona nikichechemea, nyayo zangu zimevimba. Alikuwa amelazwa karibu na dirisha, mguu umefungwa kwenye mbao. Ndege ilikuwa inamngoja.

"Yule mzee wa kisimani ni nani wako?" akauliza.

"Ni mjomba wangu. Ndiye aliyenilea."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungefanya nini?"

Alifikiri kwa kweli, sikumwona akitafuta jibu la kunipendeza. "Ningempiga tu," akasema. "Siku ile ningempiga hata baba yangu mzazi."

Sikumwomba msamaha, naye hakuniomba. Aliniambia nimsogezee kikombe cha maji, nikamsogezea, akanywa. Kisha machela ikaja.

Kutoka hapo nilikwenda kijijini. Mlinzi wa lango alinijua akanipitisha. Mjomba alikuwa amelala chini ya kibanda cha mikeka, kifua kimefungwa kitambaa, taya upande mmoja limeingia ndani. Nilimsimulia habari ya mchezo. Nilimwambia kwamba mtu aliyempiga hatatembea tena sawasawa, na kwamba nimefanya mimi, kwa mkono wangu. Nadhani nilitaka aniwekee mkono kichwani.

Mkono hakuuinua. Akasema kwa Kisomali kwamba ngamia wake waliokufa kisimani ni sitini na mmoja, na mguu wa askari haumfufui hata mmoja. Akasema hakunituma.

Halafu akaniambia, kwa Kiswahili, lugha ambayo maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akiitamka, ingawa ujana wake wote alipeleka mifugo kwenye minada ya bara na ningepaswa kujua:

"'Amesema aliwaba maji.' Hivyo ulimwambia bolisi. Mimi nilisikia."

Nikasema, "Abti."

"Ulisema kweli," akasema. "Hukuongeza, hukubunguza."

Sikujua kama ananisifu au ananihukumu, na sikuthubutu kuuliza. Nilikaa naye mpaka wakati wa kafyu. Alipotaka kugeuka nilimgeuza, na mbavu zikamfanya aume kitambaa.

Kazi ya ukalimani niliiacha mwezi uleule. Niliandika kwamba ni kwa sababu ya afya, na kwa kuwa uso wangu ulikuwa vile ulivyokuwa, hakuna aliyebisha. Nilifundisha shule ya msingi miaka mingi. Bwana Greda alirudi kwao kabla ya vita kwisha; siku ya kuondoka alinipa gazeti lenye habari ya testi ya tatu ya kule Australia, ambayo watu wake walishindwa, akasema huko nako watu walipigana. Koplo sikumwona tena. Nilisikia amepewa kazi ya stoo mahali fulani kwao, anatembea na fimbo.

Amani ilipotangazwa seng'enge ikakunjwa, watu wakaambiwa waende. Mjomba alisimama pale lango lilipokuwa, hana mnyama wa kufuata. Wanaume wengi walisimama hivyohivyo, mikono mitupu, wakitazama mashariki. Nilimwomba aje kukaa kwangu mjini. Alikubali, na alikaa miaka minane. Tulikula sahani moja, tulizungumza mvua, ndoa na watoto wangu, na kwa Kisomali tu.